Wino Uingiao Ndani ya Ngozi: Hukumu ya Kuchora Nyusi na Midomo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, na ninyi mama zetu na dada zetu mnaotusikiliza majumbani, leo tunakusudia kueleza jambo ambalo limeulizwa mara nyingi kuliko tulivyotazamia. Katika miji yetu hii ya Shinyanga na Kahama, na huko Geita kwenye fedha za machimbo, imeingia kazi ya kuchora nyusi na kupaka midomo rangi kwa sindano. Mwanamke hukaa kitini saa moja au mbili, akainuka na nyusi nyeusi zisizofutika kwa maji wala kwa jasho, au na midomo myekundu ambayo haimwachi akila wala akilala. Anayeifanya kazi hiyo humwambia mteja wake, "Hii siyo tatuu, mama. Hii ni ya muda tu, itaondoka yenyewe."

Hilo ni upande mmoja. Upande wa pili wako watu, na baadhi yao huvaa kanzu kama sisi, ambao wamewaambia wanawake hao kwamba maadamu wino umo usoni, udhu wao haufai, josho lao la janaba halifai, na swala zao zote ni bure. Tumeletewa habari za wanawake walioacha kuswali kwa neno hilo, mmoja wao tangu mfungo wa Ramadhani uliopita. Alijiambia kwamba ikiwa swala haipokelewi, basi kusimama na kuinama ni kujichosha. Sisi tunasema pande zote mbili zimekosea, na kosa la huyu wa pili ni zito zaidi, kwa sababu wa kwanza amemharibia mtu uso, na wa pili amemkata na Mola wake.

Ili tupate kuielewa hukumu, hatuna budi kwanza tuielewe kazi yenyewe. Ngozi ya mwanadamu ina matabaka. Tabaka la juu limefanywa kwa chembe zilizokufa na zinazokufa, nazo hupukutika kila siku kidogo kidogo pasipo sisi kuona, na mpya zikapanda kutoka chini kushika mahali pake. Hina hushika tabaka hilo la juu. Ndiyo sababu bibi harusi anayepakwa hina leo, baada ya wiki mbili au tatu mikono yake hurudi ilivyokuwa, maana ile ngozi iliyotiwa rangi imekwisha kupukutika. Lakini sindano ya mchora nyusi hupenya tabaka hilo, ikauweka wino chini yake, mahali penye mishipa ya damu, na ngozi ya mahali hapo haipukutiki. Mwili huuona wino kuwa ni mgeni. Chembe za kinga huumeza ule unga wa rangi na kukaa nao hapo hapo. Mwenye kuchora nyusi kwa kijembe chembamba, akizikata nywele moja moja kwa mfano wa nywele za kweli, naye hufanya hayo hayo: anakata, damu inatoka, wino unaingia.

Kwa nini basi huitwa ya muda? Kwa sababu wino huwekwa kwa kina kifupi kidogo na kwa kiasi kidogo, na jua na dawa za mwili huupunguza, hata baada ya mwaka mmoja, miwili au mitatu rangi ikafifia. Tunasema "ikafifia", hatukusema "ikatoweka". Kwa wengi hubaki kivuli, mara chekundu, mara cha kijivu au cha buluu, na ndipo mteja hurudi kuchorwa upya juu ya kile kivuli. Jambo linalorudiwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili kwa maisha ya mtu, ni vigumu kuliita la muda.

Isitoshe, si jambo jipya hata kidogo. Sisi tuliokulia katika nchi hii tumeona chale. Tumewaona wazee wa Kimakonde wenye nembo za usoni, zilizokatwa kwa kisu na kusuguliwa unga wa mkaa. Tumewaona wanawake wa Kitaturu, ambao ni majirani zetu, wakiwa na mapambo ya alama yaliyochanjwa kuyazunguka macho. Na hapa Usukumani ni wangapi wenye chale za kifuani na za viwiko vya mikono, walizochanjwa na waganga na kutiwa dawa? Binti wa leo humcheka bibi yake kwa chale zile, kisha akaenda kulipa fedha nyingi achanjwe yeye katika chumba chenye kioo na feni. Tofauti iko katika kioo na feni.

Hata Waarabu wa zamani walikuwa nalo, na kwao liliitwa washm. Na hapa tunapenda wasikilizaji wetu waangalie neno ambalo wengi hulipita. Imamu Bukhari ameipokea Hadithi ya Ibn Umar, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, kuhusu kulaaniwa kwa mwenye kuchanja wino na mwenye kutaka kuchanjwa. Kisha akaleta maelezo ya Nafi, aliyekuwa mwachwa huru wa Ibn Umar, ya kwamba washm huwa katika ufizi. Na Imamu Abu Daud, alipoyafasiri maneno hayo katika kitabu chake, akaeleza kuwa mwenye kuchanja ni yule afanyaye vidoto vya uzuri usoni kwa wanja au kwa wino. Basi asije mtu akatuambia kwamba Mtume alikataza michoro ya mikononi ya mabaharia, na kwamba uso na midomo haikutajwa. Kinywa na uso ndivyo walivyovitaja wale waliokuwa karibu zaidi na maneno hayo.

Hadithi iliyo maarufu kuliko zote katika mlango huu ni ya Abdullah bin Mas'ud, waliyoipokea Bukhari na Muslim. Alieleza laana ya Mwenyezi Mungu juu ya wanawake wachanjao wino na wanaotaka kuchanjwa, wanaonyonyoa nyusi na wanaotaka kunyonyolewa, na wanaochonga meno kuyaachanisha kwa ajili ya uzuri, wakiligeuza umbo aliloliumba Mwenyezi Mungu. Habari hiyo ikamfikia mwanamke wa kabila la Bani Asad, aitwaye Ummu Yaakub, naye alikuwa msomaji wa Kurani. Hakunyamaza, wala hakukaa nyumbani kunung'unika. Alimwendea Ibn Mas'ud akamwambia kwamba yeye ameisoma Kurani yote mwanzo hadi mwisho na hakuliona jambo hilo. Ibn Mas'ud akamjibu kwamba lau angeisoma kweli kweli angeliona, na akamkumbusha Aya ya saba ya Suratul Hashr, inayoamrisha kuyashika anayotupa Mtume na kuyaacha aliyotukataza. Mwanamke yule bado hakutosheka. Akamwambia anadhani mke wake Ibn Mas'ud mwenyewe hufanya mambo hayo. Akaambiwa, nenda ukatazame. Akaenda, akatazama, hakuona kitu.

Tumeirefusha hadithi hiyo kwa makusudi. Mwanamke aliuliza dalili, akapewa. Akashuku unafiki, akafunguliwa mlango wa nyumba. Hakufokewa. Wanazuoni na walimu wa madrasa wanaotaka binti zetu wawasikilize katika jambo la nyusi na waanze na nyumba zao, kisha wajibu kwa dalili bila ya matusi.

Sasa, je, ile hoja ya kwamba wino huu hufifia haina uzito? Wapo wanazuoni wa zama hizi waliosema kwamba rangi iliyo juu ya ngozi tu, isiyotoa damu na yenye kuondoka kwa siku chache, haiingii katika katazo, nasi tunakubaliana nao. Wako pia waliokwenda mbele zaidi wakairuhusu hata hii ya sindano kwa kuwa haidumu milele. Tunawaheshimu, ila hatuwafuati. Tuliyoyasoma kwa masheikh zetu ni kwamba washm umeelezwa kwa kitendo chake: kuchoma ngozi mpaka damu itoke, kisha kupaka kitu cha rangi mahali hapo. Muda wa kukaa kwa rangi haukutajwa kuwa sharti. Kitendo kikipatikana, hukumu imepatikana, ukiuita kwa jina la Kiarabu, la Kizungu au la saluni.

Kuhusu hina, wanja, na rangi ya midomo inayooshwa, hayo mlango wake ni mpana, na mwanamke kujipamba nyumbani kwake kwa mumewe ni jambo lenye thawabu. Walaumuni wanaume wanaomwona mke na wanja wakanuna. Kunyoa nyusi zote ili zichorwe upya, jambo ambalo kwa kawaida hutangulia sindano, limo katika ile Hadithi ya Ibn Mas'ud kwa mujibu wa wanazuoni wengi, na hatuna haja ya kulirefusha.

Yako pia madhara ya mwili, na Sharia hairuhusu mtu kujidhuru. Sindano iliyoingia katika damu ya mtu mmoja, ikaingia kwa mwingine bila ya kusafishwa kwa njia ya hospitali, huweza kuchukua homa ya ini aina ya B na C, na virusi vya UKIMWI. Shirika la Afya Duniani, katika muongozo wake wa mwaka 2012 juu ya wachangia damu, liliziweka chale na tatuu katika fungu moja, likaelekeza kwamba aliyefanyiwa asubiri miezi kumi na miwili kabla ya kutoa damu. Waganga wa kisasa, kama mnavyoona, hawakudanganyika na kioo na feni. Midomo ina shida yake ya pekee: mwenye kawaida ya kutokwa malengelenge ya midomo huweza kuamshiwa ugonjwa huo kwa sindano. Na ngozi zetu sisi Waafrika ni nyepesi kuota makovu yale makubwa yanayovimba kupita jeraha lenyewe. Aliyetaka nyusi za kupendeza akaishia na uvimbe juu ya jicho.

Wino wenyewe nao ni nini? Mara nyingi ni kutu ya chuma iliyosagwa, au masizi, au rangi za viwandani. Nchi za Umoja wa Ulaya, kuanzia Januari 2022, ziliwekea mipaka kemikali kiasi cha 4,000 katika wino za namna hii, baadhi yake kwa kuhofia saratani. Zamani rangi nyekundu ya tatuu ilitokana na madini ya zebaki. Watu wa Geita na Kahama hawahitaji kufundishwa na sisi zebaki ni kitu gani. Wanaijua machimboni, wanajua jinsi inavyokamata dhahabu na jinsi moshi wake unavyodhuru. Tanzania iliuridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, ambao pamoja na mengine unazuia zebaki katika vipodozi. Chupa ya wino isiyo na maandishi yanayosomeka, iliyonunuliwa mnadani, nani ajuaye kilichomo?

Lakini, ndugu zetu, tusije tukafunga mlango ambao Mtume aliuacha wazi. Katika Sunan ya Abu Daud imo riwaya ya Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, inayowataja wenye kuchanja na kuchanjwa, na ndani yake mna sharti fupi: pasipo maradhi. Na imo katika Abu Daud, Tirmidhi na Nasai habari ya Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab zama za Ujahilia. Alijitengenezea pua ya fedha, ikanuka; Mtume akamwamrisha aweke pua ya dhahabu. Nanyi mnajua kwamba dhahabu ni haramu kwa mwanamume. Sisi tunaoishi juu ya dhahabu tunapaswa kuielewa habari hii kuliko watu wote. Kilichokuwa haramu kwa pambo kilihalalika kwa kuziba pengo, wala Mtume hakumwambia akae na uso wake uliokatwa na kusubiri Akhera.

Kwa hiyo, mwanamke ambaye nyusi zake zimepukutishwa na ukoma, ugonjwa ambao unajulikana kwa kufanya hivyo, au aliyeungua uso kwa moto, au aliyezaliwa na mdomo wa sungura ukashonwa na kuacha kovu lisilo na rangi, huyo hukumu yake siyo ya yule aliye mzima anayetaka kuzidisha uzuri. Huyu anarudisha umbo, hageuzi umbo. Hali kadhalika wagonjwa wa saratani wa Kanda hii ya Ziwa wanaotibiwa Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, ambao dawa zao huangusha nywele na nyusi. Kwa hao tunashauri kwanza wangoje, kwa sababu nyusi zao mara nyingi huota tena baada ya matibabu, na wanja huwatosha kwa muda huo. Na kinga ya mwili wao ikiwa dhaifu sindano ni hatari zaidi. Zisipoota, basi waulize daktari, na akiwaruhusu, hatuoni dhambi juu yao. Wala asiwepo jirani wa kuwanyooshea kidole msikitini bila ya kujua kilichowapata.

Tunarudi sasa kwa yule aliyekwisha kuchorwa, akiwa mzima, kwa kutojua au kwa kujua. Udhu wake ni sahihi. Kinachozuia udhu ni kitu kilicho juu ya ngozi kinachokataza maji yasifike, kama rangi ya kucha au nta. Wino huu uko chini ya ngozi. Maji hupita juu ya ngozi yake kama yanavyopita juu ya ngozi yako. Josho lake la janaba na la hedhi ni hivyo hivyo.

Wanaosema swala haifai wamesikia nusu ya maneno ya Imamu Nawawi, Mwenyezi Mungu amrehemu, wakaiacha nusu. Naam, alieleza katika sherehe yake ya Sahihi Muslim kwamba mahali pa washm huwa na najisi, kwa kuwa damu imechanganyika na rangi na kufungiwa ndani, na kwamba ni wajibu kuiondoa ikiwezekana kwa dawa. Lakini hakuishia hapo. Akasema kwamba ikiwa haiondoki ila kwa jeraha, na mtu akahofia kupoteza kiungo au manufaa yake, au kupata kasoro mbaya katika kiungo kinachoonekana, basi si wajibu kuiondoa, na akitubu hana dhambi tena. Na vitabu vya Kishafii vya baada yake vimeongeza kwamba aliyechanjwa akiwa mtoto au kwa kulazimishwa, yeye halazimiki kuiondoa kabisa.

Sasa mtazame uso wa mwanadamu. Upi ni kiungo kinachoonekana kuliko uso? Miali ya leza inayotumika kuondoa wino, ikikutana na baadhi ya rangi nyekundu na za ngozi, badala ya kuzififisha huzigeuza kuwa nyeusi. Na wale wanaojipaka asidi na dawa za kuchubua ili waufute, hujiunguza karibu na jicho. Mtu wa namna hiyo yumo katika udhuru alioueleza Nawawi. Wajibu wake ni kuacha kurudia, kujuta, kuazimia, na kuuacha wino ufifie. Na aswali. Swala alizoswali hazirudii, na zile alizoziacha kwa fat-wa ya barabarani azilipe kidogo kidogo kwa kadiri awezavyo.

Limetufikia pia suala la waosha maiti. Mwanamke alifariki akiwa na nyusi za wino, na waliomwosha wakagombana, mmoja akitaka zisuguliwe kwa jiwe mpaka zitoke. Hilo ni haramu. Heshima ya maiti ni kama heshima ya aliye hai, na kuichubua ngozi yake ni kumdhuru. Aoshwe kama wengine, akafiniwe, aswaliwe, wala mambo ya uso wake yasitoke nje ya chumba kile. Mwosha maiti ni mwaminifu wa siri.

Na mjane aliye edani? Yeye ameamrishwa kuacha mapambo miezi minne na siku kumi. Katika machimbo yetu, ambako kuta za mashimo huanguka, wako wajane wa umri wa miaka ishirini. Ikiwa midomo yake ilitiwa rangi kabla ya msiba, hana njia ya kuivua kama anavyovua bangili. Eda yake ni sahihi, wala asilazimishwe kufunika mdomo kwa kitambaa mchana kutwa, kama tulivyosikia nyumba fulani ilimfanyia mkwe wao. Kilichokatazwa ni kuanza pambo ndani ya eda.

Limebaki suala la yule binti anayechora, kwani naye ni Mwislamu na naye ana watoto. Katika Hadithi ametajwa kabla ya mteja wake. Ujira wa kazi iliyoharimishwa haufai, na aliyejifunza kazi hiyo kwa kutojua hukumu aiache sasa. Alichokwisha kula zamani akiwa hajui tunataraji kimesamehewa. Mkono uliozoea kushika sindano kwa utulivu unaweza kuchora hina na piko, kusuka na kushona, na wake wa Kiislamu wanaopenda kumwona akiacha ndio wa kwanza wanaopaswa kumpelekea kazi hizo.

Kope za kubandika kwa gundi zina hukumu nyingine, na huko ndiko maji ya udhu yanakozuiwa hasa. Hizo tutazieleza Ijumaa ijayo, Inshaallah. Wabillahi tawfiq.